Nilivyoinyamazisha springi ya bunduki yangu ya upepo

Kilichonisukuma ni kelele. Kila nilipofyatua, bunduki yangu ya upepo ililia ndani kwa ndani kama kitanda cha chuma kilicholegea, na mtetemo wake ulinifika shavuni. Ni ya kukunja mtutu ili kuikoki, tundu la mtutu milimita 4.5, na ilikuwa imetumika miaka mingi kabla haijafika kwangu. Ilipiga, haikuwa mbovu. Ila kwa bunduki ya springi mtetemo hauishii masikioni. Ukivuta kifyatuo, pistoni huruka mbele ikiibana hewa, na bunduki hurudi begani. Pistoni inapogota kwenye ile hewa iliyobanwa, bunduki nzima huvutika mbele. Msukosuko huo huanza risau, ile risasi ndogo ya bunduki ya upepo, likiwa bado limo mtutuni, kwa hiyo kila kinachocheza ndani hulipotosha kabla halijatoka.

Kabla ya kugusa skrubu yoyote niliazima kipima mwendo nikapiga mara kumi. Wastani ulikuwa mita 221 kwa sekunde, na kati ya risau la kasi kuliko yote na la polepole kuliko yote kulikuwa na tofauti ya mita 17. Kwa marisau ya gramu 0.55, hiyo ni nguvu ya jouli 13 na kidogo. Niliandika kila namba kwenye daftari. Usipopima mwanzo, baadaye utabaki kujiaminisha tu kwamba kazi imefaulu kwa sababu umeitolea jasho.

Nilichokiogopa ni kuifungua. Hata isipokokiwa, springi hukaa ndani ikiwa imebanwa, na ukichomoa pini bila kitu cha kuizuia, kifuniko cha nyuma kinakurukia. Niliunda fremu ya mbao nene, upande mmoja nikafunga klempu ya skrubu ndefu, bunduki ikalala katikati. Nilihakikisha mara mbili kwamba haina risau na haijakokiwa. Nikakaza klempu mpaka kifuniko kikasogea kidogo, pini zikatoka kwa kugongwa taratibu, kisha nikawa nalegeza nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, nikiwa nimesimama ubavuni. Springi ilijinyoosha karibu sentimita 6 kabla ya kulegea kabisa. Sita! Tangu siku hiyo sitamshauri mtu aifungue kwa kuikandamiza na kifua au kwa kusaidiwa na rafiki.

Ndani kulikuwa na grisi nyeusi, nzito kama lami, imejazwa kila mahali. Nadhani aliyenitangulia alitaka kuizima kelele kwa kuifukia. Niliosha kila kipande kwa mafuta ya taa, nikakausha, nikavipanga juu ya kitambaa cheupe kwa mpangilio uleule vilivyotoka. Springi niliiviringisha juu ya kioo ikaenda ikiyumba, ishara kwamba imepinda. Sili ya pistoni, ile inayozuia hewa isivuje, ilikuwa imekakamaa. Vyote viwili vilihitaji kubadilishwa.

Chanzo cha mlio niliking'amua niliposhika kalipa, kifaa cha kupimia upana. Springi huvishwa kwenye mhimili unaoizuia isijipinde inapobanwa. Upana wa ndani wa springi mpya ulikuwa milimita 14.2, na mhimili ulikuwa 13.1. Basi ilikuwa na nafasi ya zaidi ya milimita moja ya kuchezacheza na kugonga chuma kwa chuma. Tena springi inapobanwa hutanuka kidogo, kwa hiyo nafasi huongezeka palepale inapohitajika kupungua. Nilimpelekea fundi wa kukereza kipande cha plastiki ngumu pamoja na springi yenyewe. Akaniuliza, "Iteleze au ibane?"

"Ibane, fundi, lakini mkono uweze kuivisha."

Alikereza, akajaribisha, akakereza tena kidogo sana, mpaka springi ikawa inaingia kwa kuzungushwa huku ikisukumwa. Ncha mbili za springi nilizisugua kwa msasa laini mpaka zikang'aa, maana springi hujizungusha kidogo inapofyatuka, na ncha yenye makwaruzo hukwama kisha hujiachia kwa kishindo.

Hapo nikaharakisha. Nilivisha sili mpya kwenye pistoni, nikaisukuma ndani ya silinda, ikaingia kwa kusitasita kidogo, nami nikaona ni ugumu wa upya. Nikafunga kila kitu, nikapima. Mita 168. Nikapima tena, 165. Bunduki ilikuwa kimya kabisa, na dhaifu kuliko ilivyokuwa siku zote. Jioni ile sikula vizuri.

Nilipoifungua upya niliona nyama ya sili imenyofolewa upande mmoja, kipande chembamba kama kucha. Silinda ina mwanya mrefu unaopitisha mkono wa kukokia, na kingo za mwanya ule huachwa kali kiwandani. Sili hulazimika kupita juu yake wakati wa kuingizwa. Niliingiza kidole taratibu nikahisi makali yenyewe, yanakwaruza kama bati. Nilikuwa na msasa mezani muda wote ule!

Siku iliyofuata sikufanya kingine ila kuua makali. Nilianza na tupa ndogo ya mviringo, nikaja na msasa wa kati, kisha ule laini kabisa nilioufunga kwenye kijiti, nikifuata mwanya wote kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mdomo wa silinda pia. Kuta zenyewe za silinda, pale sili inapotelezea, sikuzigusa. Nilipitisha pamba kavu. Ilipoacha kunasa nyuzi nikajua pamelainika. Vumbi la msasa nililiosha mara tatu, kwa kuwa punje zake zikibaki hutafuna sili. Sili ya pili ilipoingia nilifunika mwanya kwa ukanda mwembamba wa plastiki, nikauchomoa baada ya sili kuvuka. Iliteleza bila kusita.

Kwenye mafuta nilijizuia. Grisi ya molibdenamu niliipaka kwa ncha ya kidole kwenye mwili wa pistoni na kwenye ncha za springi, kiasi cha kubadili rangi ya chuma tu. Springi yenyewe ilipata utando mwembamba wa grisi nzito ya kunata. Mbele ya sili sikuweka kitu. Hewa iliyobanwa pale hupata joto kali sana, na mafuta yakiwepo yatawaka kama dizeli ndani ya injini. Utaona moshi, utasikia mlipuko, kasi itapanda ovyo, na sili pamoja na springi ndizo zitakazoumia.

Kifyatuo nilikisafisha nikakirudisha kilivyokuwa. Najua wapo wanaosugua nyuso zake ziwe laini, lakini meno yale mawili madogo ndiyo pekee yanayoizuia pistoni wakati mtutu umekunjwa na vidole vyangu viko mdomoni mwake vikiweka risau. Mpaka leo nikiweka risau, mkono mwingine unaushika mtutu kwa nguvu.

Marisau ya mwanzo yalitoa moshi hafifu. Baada ya kama ishirini, ukakata. Nikapima kumi: wastani mita 229, tofauti mita 5. Nguvu imeongezeka kwa jouli moja tu, nami sikuhitaji zaidi. Kwa mita 20, nikiwa nimeegemeza mkono juu ya mto wa mchanga, kundi la marisau matano lililokuwa likitawanyika milimita 35 lilikaa ndani ya 18. Mlio wa kitanda umekwisha. Kinachosikika sasa ni "tap" moja kavu.

Baada ya marisau mia mbili, makundi yakaanza kutanuka tena, moyo ukanidunda. Kumbe ni skrubu za kitako, zilikuwa zimelegea kwa msukosuko wa mbele na nyuma. Nilizikaza, nikapiga matano mengine, yakarudi palepale.