Usiku Shelly-Ann Alipombeba Zyon

Binti yangu alikuwa na miezi saba, na spaiki zangu za kukimbilia nilikuwa nimezifunga kwenye gazeti nikazisukuma chini ya kitanda. Nilijifungua kwa upasuaji. Kocha aliyeninoa mita 100 tangu shuleni alishaniambia, bila hata kunitazama usoni, kwamba mbio fupi hazimngoji mzazi. Wenzetu wa mbio ndefu walikuwa na mifano yao: Vivian Cheruiyot alijifungua 2013, na 2016 kule Rio akatwaa dhahabu ya mita 5,000. Mimi ningemtaja nani?

Ilikuwa Jumapili, 29 Septemba 2019. Fainali ya mita 100 ya wanawake, kwenye mashindano ya dunia ya riadha kule Doha, ilikuwa saa tano na dakika ishirini usiku, na saa zao ni sawa na zetu Mombasa. Nilikuwa nanyonyesha. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda, kanga begani, akingoja nimpe mjukuu amcheulishe. Simu haikutulia. Kundi letu la WhatsApp la wanariadha wa kike, wengi wao wakimbiaji wa mbio ndefu wa Iten ambao saa tatu huwa wameshalala ili wawahi mazoezi ya alfajiri, lilikuwa macho lote. Tangu magharibi picha zilizomiminika ni za Shelly-Ann Fraser-Pryce wa Jamaika tu. Wanawake ambao hawajawahi kuinama kwenye vibao vya kuanzia walikuwa wakimwita "dada yetu".

"Wako yupi?" Mama akauliza.

"Yule mfupi, mwenye nywele za rangi rangi."

Bunduki ikalia. Alichomoka kama aliyekuwa anazuiliwa kwa nguvu, na kabla ya nusu ya njia nilijua hapatikani. Sekunde 10.71. Dina Asher-Smith akafuata kwa 10.83, Marie-Josée Ta Lou kwa 10.90. Mmoja kundini akaandika: ana miaka 32, mwanawe Zyon alizaliwa Agosti 2017, kwa upasuaji. Neno hilo la mwisho nililisoma mara mbili, mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye kovu.

Kisha wakampa Zyon. Akazunguka naye uwanjani, viti vingi vikiwa vitupu, naye anacheka kana kwamba Kingston yote imejaa pale.

"Huyo mtoto ni wake wa kumzaa?"

"Wake, Mama."

Akanyamaza. Akampokea binti yangu, akamlaza begani.

Kufika saa sita, karibu kila mwenzangu alikuwa ameweka picha ile ya mama na mtoto mahali pa picha yake. Hakuna aliyejadili muda tena. Walikuwa wanaandika majina ya watoto wao, mmoja baada ya mwingine, bila neno jingine. Wengine nilikuwa nakimbia nao miaka na sikujua kama ni wazazi. Nami nikaandika la binti yangu, nikalia.

Alfajiri Mama alinikuta nimepiga magoti, napapasa chini ya kitanda.

"Mwache kwangu," akasema. "Lakini urudi kabla hajaamka kunyonya."