Dira ya Kibla na Pikapu za Stratocaster

Shemeji yangu alikuwa akipiga solo kwenye bendi ya harusi hapa London, na kila tukikutana wimbo wake ulikuwa mmoja: Stratocaster lake la kisasa, gitaa la umeme la kampuni ya Fender, alitie pikapu za miaka ya sitini. Kwa asiyepiga gitaa, pikapu ni vile vinasa sauti vilivyolala chini ya nyuzi: sumaku sita ndogo zilizozungushiwa maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba kama unywele.

Siku moja akampata mzee wa Kiingereza mwenye pikapu tatu zilizosemekana kutoka gitaa la mwaka 1962. Bei yake ungenunua gitaa zima jipya. "Shemeji, wewe ndiye unayeshika pasi ya kulehemu," akaniambia. "Twende ukaniangalizie."

Mzee alitupokea kwa chai na biskuti, kisha akatoa mita ya umeme na kutupimia ukinzani. Zote zilisoma karibu omu 5,800. Akatutazama kama aliyemaliza kazi. Mimi namba hiyo hainipi raha. Inakuonyesha urefu na unene wa waya, basi, na hata joto la chumba huisogeza kidogo. Kiwanda chochote leo kinaweza kuzungusha waya mpaka kikaifikia.

Nikazigeuza. Kibao cha faiba cha chini kilikuwa cheusi, sawa na mwaka uliotajwa, maana Fender walianza kutumia faiba ya kijivu karibu na mwisho wa mwaka 1964. Lakini anayetengeneza pikapu za marudio, yaani nakala mpya za zile za zamani, naye anajua hilo, na faiba nyeusi anayo. Waya nao uling'aa rangi ya shaba ya dhahabu, ile Formvar, aina ya mpako wa waya, ya kabla ya kuingia waya wenye enameli nyeusinyeusi. Hiyo pia inauzwa.

Nilichokitafuta ni alama za mkono. Enzi zile kiwandani kwa Fender pale Fullerton, California, mzungushaji aliuongoza waya kwa vidole. Abigail Ybarra, ambaye baadaye jina lake lilipata sifa kubwa kwa wapenzi wa magitaa, alianza kazi Fender mwaka 1956. Kingo za sumaku nazo zilinolewa kwa mkono, kila moja na mteremko wake. Pikapu ya shingoni na ya darajani zilikuwa hivyo: sumaku moja imelimwa sana, jirani yake imeguswa tu. Ya kati, zote sita zilifanana kama zimetoka tumbo moja.

Halafu kutu. Zile mbili zilikuwa na kutu juu, panapofika jasho la mkono, na chini karibu hakuna. Ya kati ilikuwa kahawia juu na chini sawasawa. Jasho gani hilo linalopanda na kushuka? Mzee akajibu bila kusita kwamba ya kati ndiyo inayopigwa zaidi na mkono. Hoja haikuwa mbaya, ila haikueleza ule upande wa chini. Na mimi sikutaka kumwita mtu mwongo sebuleni kwake nikiwa na biskuti yake mdomoni. Huenda naye aliuziwa hivyo hivyo.

Nikamwomba shemeji akachukue dira kwenye mswala aliokuwa nao garini.

"Ya kibla?"

"Hiyo hiyo. Tutaishika mbali kidogo, sumaku hizi zisije zikaiharibu."

Kwenye Stratocaster za enzi zile, pikapu zote tatu za gitaa moja kwa kawaida zilielekeza ncha ileile ya sumaku juu. Seti nyingi za kisasa hugeuza ya kati, sumaku na mzunguko wa waya, ili ikiungana na jirani yake zizime ule muungurumo wa umeme. Zikilingana hujathibitisha kitu, kwa sababu baadhi ya marudio hufuata mtindo wa zamani. Zikitofautiana, una la kuuliza. Tukaisogeza dira: pikapu ya kwanza, ncha nyekundu ikavutwa. Ya tatu, nyekundu tena. Ya kati, sindano ikazunguka ikaleta mkia.

Mzee akaichukua dira akajaribu mwenyewe, kimya, mara kadhaa. Nilitarajia ugomvi, akauliza tu tunataka kufanya nini. Nikadhani shemeji atazichukua mbili na kuiacha ya tatu. Wapi! Akaomba zote: mbili kwa bei ya pikapu za zamani, ya kati kwa bei ya pikapu mpya. Yeye hupiga rumba, na swichi yake huishi nafasi ya pili na ya nne, pale pikapu mbili zinapoungana. Muungurumo kwenye kumbi za harusi ulikuwa umemchosha kuliko alivyokuwa akiutamani mwaka 1962. Walivutana bei mpaka chai ikapoa, wakakubaliana, na usiku ule ule nikazilehemu.