Springi kwanza, shokapu baadaye: kuchagua za pikipiki ya matairi matatu

Pikipiki ya matairi mawili ikiingia kona inalala. Ya matairi matatu hailali, ukiacha zile chache zilizoundwa zilale, kama Piaggio MP3. Bodi ndiyo inayoegemea nje, na springi ya upande huo inashika sehemu kubwa ya uzito. Ndiyo maana shokapu nzuri ya pikipiki ya kawaida inaweza kukuangusha hapa: springi yake ilipigiwa hesabu ya kubeba tu, si ya kuzuia bodi isilalie upande.

Springi inabeba, shokapu inatuliza. Nyuma ikiwa imeshuka hata ukiwa peke yako, tatizo ni springi, na kubadilisha shokapu huku ukirudishia springi ileile hakutainua kitu. Ikidundadunda baada ya tuta, hapo ndipo shokapu imechoka.

Kabla ya kuangalia rangi na picha, tafuta mzani. Weka tairi moja ya nyuma juu yake, na zile mbili nyingine uziinue kwa mbao mpaka zilingane na kimo cha mzani. Dereva akae juu, pamoja na abiria au mzigo unaobebwa siku nyingi, si ule wa mara moja kwa mwezi. Tuseme mzani umesoma kilo 140. Toa uzito usiokaa juu ya springi, yaani tairi, rimu, breki na nusu ya ekseli. Kama ni kilo 30, springi inabeba 110.

Sasa pima uwiano, yaani shokapu inafupika kiasi gani kwa kila milimita tairi inayopanda. Toa springi, inua tairi milimita 50 (kwenye ekseli moja ngumu inua zote mbili pamoja), kisha angalia shokapu imefupika kiasi gani kati ya tundu la boliti la juu na la chini. Ikifupika 40, uwiano ni 0.8. Gawa 110 kwa 0.8, unapata karibu kilo 138 zinazokandamiza springi yenyewe. Kama tairi ina mwendo wa juu na chini wa milimita 100, unataka ishuke takriban 30 ikiwa na mzigo wake, na hiyo ni milimita 24 kwenye shokapu. Ongeza milimita 10 za kuikaza springi wakati wa kufunga, jumla 34. Gawa 138 kwa 34: kilo 4 kwa milimita. Springi nyingi huandikwa kwa pauni kwa inchi, na kilo 1 kwa milimita ni kama pauni 56 kwa inchi, kwa hiyo tafuta iliyoandikwa 225 au iliyo jirani nayo.

Usinakili namba ya mwenzako. Ugumu unaofika kwenye tairi ni ugumu wa springi mara uwiano, mara uwiano tena. Springi hiyohiyo kwenye uwiano wa 0.8 inabaki na asilimia 64 ya ugumu wake, kwenye 0.6 inabaki na 36 tu. Kwake ni laini, kwako ni mbao.

Kuna imani kwamba ukizungusha ile nati ya shokapu springi inakuwa ngumu. Haiwi. Springi ya kilo 4 kwa milimita inabaki ya kilo 4. Kilichobadilika ni kimo cha bodi. Na ukikaza kupita kiasi unaiibia tairi mwendo wa kushuka. Kwenye matairi matatu hilo ni baya zaidi, kwa sababu tairi ya ndani ya kona haifuati tena barabara, inanyanyuka mapema. Ikibidi ukaze zaidi ya milimita 20 ili kimo kikae sawa, springi hiyo ni laini mno kwako.

Unene wa waya ndio unaoamua mambo. Ugumu hupanda kwa unene uliozidishwa wenyewe mara nne, hivyo kutoka waya wa milimita 10 kwenda 11, mengine yote yakibaki vilevile, springi inakuwa ngumu kwa asilimia 46. Kwa macho huwezi kuiona tofauti, beba kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Kukata pingili moja (mzunguko mmoja wa waya) kati ya nane zinazofanya kazi kunaongeza asilimia 14 tu, tena springi inakaa upande na inakuwa fupi. Kukata kwa moto ni kuiharibu chuma kabisa.

Shokapu za upepo zinavutia wanaobeba mizigo inayobadilika, na ni sawa, ila angalia mpira wake wa kupitisha upepo. Zikiunganishwa kwa mpira mmoja kushoto na kulia, ukiingia kona upepo unakimbia kutoka upande unaokandamizwa kwenda upande uliolegea, na bodi inaegemea zaidi badala ya kupungua. Kila upande uwe na valvu yake, au pawe na kizuizi katikati.

Urefu nao una mtego. Shokapu ndefu inainua nyuma, uzito unapanda juu, na kupinduka kunakaribia. Mbele, fimbo za usukani zinasimama wima zaidi na usukani unaanza kutikisika. Baki na urefu wa asili, ukizidi iwe milimita 5. Pima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu, pamoja na kipenyo cha boliti na upana wa bushi.

Hakikisha pia springi haitajibana pingili kwa pingili. Pingili 10 za waya wa milimita 10 zikigusana ni milimita 100. Springi yenye urefu wa 220, ukiikaza 10 na shokapu ikifupika 90, inabaki 120, kwa hiyo kuna nafasi ya 20. Isipokuwepo nafasi, kitakachovunjika ni kishikio cha shokapu au chesisi.

Springi ikiongezeka ugumu, shokapu lazima iongezwe nguvu ya kuzuia springi isirudi kwa kasi, lakini si kwa kiwango kilekile: kwa asilimia 46 za springi, kama 21 zinatosha. Ikizidi, matuta yanayofuatana yanaizamisha nyuma kidogokidogo mpaka inagonga mpira wa mwisho (ule unaozuia shokapu isifupike zaidi), na wengi hudhani springi ni laini.

Wakati wa kufunga, boliti za bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Ukizikaza likiwa juu ya jeki, mpira unajipinda kila linaposhuka na kuchanika mapema. Kabla ya kuliteremsha, tazama paipu ya breki: tairi ikining'inia hadi mwisho, isikazike.

Funga kamba ya plastiki ya nyaya kwenye fimbo ya shokapu, isukume hadi kwenye sili, kisha endesha njia yako ya kila siku. Ikisimama milimita 10 kabla ya mpira wa mwisho, umepatia. Ikifika kwenye mpira na hukukanyaga shimo lolote kubwa, rudi kwenye mzani.