Kopo la mchele, kopo la mchanga

Masika ya 2013 nilikuwa nafundisha darasa la awali Pasua, hapa Moshi. Watoto 62 chini ya bati. Mvua ikishika, ilikuwa kazi bure kuinua sauti. Nilikuwa nimechoka kusema "nisikilizeni" kutwa nzima, ndipo nikaona heri niwape watoto kitu kinachofaa kusikilizwa.

Tulianza na mchezo wa nyama nyama, maana huo kila mtoto wa mtaani anaujua. Unaita, "Nyama nyama nyama!" wanaruka na kuitikia, "Nyama!" Ng'ombe, wanaruka. Mbuzi, wanaruka. Kiti! Aliyeruka katoka. Mdundo unakuvuta miguu kabla sikio halijamaliza kazi yake, na mtoto anayejizuia hapo amesikiliza kwelikweli.

Kisha nikaomba makopo. Yakaja ya maziwa, ya rangi, na chupa za maji. Mama mmoja anayeuza nafaka soko la Mbuyuni alinipa chenga za mchele na maharage yaliyotobolewa na wadudu; mchanga tulizoa mferejini tukauanika. Visoda, vile vifuniko vya chupa za soda, tulivigonga vikawa bapa, tukavitoboa kwa msumari na kuvitunga kwenye waya. Ngoma tuliwamba kwa vipande vya tyubu ya baiskeli juu ya makopo ya rangi. Hiyo ndiyo iliyotuchukua muda: mpira ukivutwa sawasawa pande zote, kopo linalia; ukilegea upande mmoja, linakohoa tu. Watoto waliivuta, wakaigonga, wakaifungua tena, mpaka vidole vikawa vyeusi.

Mchezo walioupenda kupita yote tuliuita pacha. Makopo yanajazwa mawili mawili, yanafungwa, kila mtoto anatikisa lake na kumtafuta mwenzake bila kusema neno. Maharage yanagonga. Mchele unanong'ona. Mchanga nao, binti mmoja aliniambia, "Mwalimu, huu unafagia."

Kulikuwa na mvulana wa miaka sita, anakaa ukutani, dirisha kushoto kwake na mimi kulia kwake. Nikimwita haitiki. Nikisema fungueni daftari, anangoja aone wenzake wanafanya nini. Nilimwita mkaidi mbele ya darasa, tena si mara moja, na nilimsimamisha pembeni siku nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Kwenye pacha alikuwa hodari. Alilisogeza kopo mpaka kwenye shavu la kushoto, akafumba macho, kisha akawapitia wenzake mmoja mmoja, wala hakumkosea pacha wake. Nililiona shavu lile na sikujiuliza kitu.

Alhamisi moja tulicheza wa kufumbwa macho. Mtoto anasimama katikati ya duara, kanga usoni, mmoja anatikisa visoda, naye anaonyesha sauti ilikotoka. Zamu yake ilipofika, visoda vikalia kulia, akaonyesha kushoto. Vikalia nyuma, akaonyesha kushoto. Wenzake wakacheka, na mimi nikadhani ananichezea. Mara ya nne nikaona midomo yake inatetemeka chini ya kanga.

Nikanyamazisha darasa. Nikachukua visoda mwenyewe, nikasimama kulia kwake, nikatikisa polepole, kwa sauti ndogo kabisa. Kimya. Nikasogea mpaka shubiri moja kutoka sikioni. Kimya. Nikazunguka kushoto, na kabla sijatikisa mara ya pili uso ulishanigeukia, unatabasamu.

Nilipofungua kanga niliona pamba imesokotwa ndani ya sikio la kulia, imelowa, ya manjano.

Jioni nilimfuata bibi yake nyumbani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Amefanya nini tena?"

Hilo "tena" lilinichoma. Nikamwambia hajafanya kitu, mwenye kosa ni mimi. Akaniambia sikio linatoa usaha tangu mtoto ana miaka miwili, linakauka, linarudi, naye humtilia mafuta ya nazi ya uvuguvugu kama alivyotiliwa yeye.

Tulikwenda wote watatu hospitali ya KCMC. Daktari akasema kiwambo cha sikio, ile ngozi nyembamba iliyowambwa ndani yake kama ya ngoma, kimetoboka. Mafuta yaachwe, maji yasiingie, usaha ukaushwe kwa kitambaa safi kilichosokotwa kabla ya kutia dawa ya matone. Na akatueleza kile kidole kilichokuwa kikionyesha kushoto kila mara: ubongo hujua sauti inakotoka kwa kulinganisha masikio mawili, maana lile lililo upande wa sauti huipata mapema kidogo na kwa nguvu zaidi. Likibaki moja linalosikia, dunia yote inalia upande huo.

Neno kiwambo lilikaa nami njia nzima ya kurudi. Wiki ileile ngoma yetu moja ilichomwa na penseli, ikawa inalia kama mto unaopigwa. Hakuna aliyeiita kaidi. Tuliichukua tukatafuta mpira mwingine.

Usaha ulikauka, lakini upande ule ulibaki dhaifu. Nilimhamishia mbele, upande wa kulia wa darasa, sikio zima linielekee, na nikazoea kumgusa bega kabla ya kusema naye. Wiki ya mwisho kabla ya likizo ya Juni aliomba mwenyewe kufungwa kanga. Visoda vikalia. Hakunyosha kidole. Akaanza kugeuza kichwa taratibu, kama kuku aliyesikia mwewe, akasita, akarudi nyuma kidogo, akageuza mwili mzima. Darasa lilikuwa kimya hata mlio wa bodaboda barabarani ulisikika. Kisha akanyosha mkono kuelekea mlangoni, kwa binti yule wa "unafagia", visoda bado vinacheza mkononi mwake.