Nilivyoipata na kuiandaa gari ya kunyatia palahala Saadani

Palahala, yule swala mkubwa wa pembe ndefu, nilimkosa mara tatu kabla sijaamua kutafuta gari yangu mwenyewe. Zote tatu ilikuwa mbuga ya Saadani na gari ya kukodi, zile kubwa za dizeli, ukiwasha tu, tohe wa karibu, nao ni swala, wanapiga mluzi hao wanaondoka, na dereva ana haraka zake. Ile mara ya tatu dume alisimama ukingoni mwa msitu, mweusi tiii, tumbo jeupe, pembe zimepinda kurudi nyuma mpaka unajiuliza shingo inazibebaje, mimi ndo nainua kamera na dereva anaingiza gia eti "ngoja nikusogeze bosi". Basi. Nikarudi Tanga njia nzima kimya, mpaka tunavuka na pantoni pale Pangani sijasema neno.

Kazi yangu ni picha za harusi, wanyama ni mapenzi tu, kwa hiyo pesa ya gari niliiweka kidogo kidogo miaka miwili na sikutaka kuikosea. Kabla ya kwenda yadi yoyote nikaenda kwa mzee mmoja jirani yetu Makorora, Mzigua wa Handeni, ujana wake aliwinda sana kwa kibali. Nikamwamkia, "Shikamoo babu," akaitikia, nikamweleza nataka gari ya kufuata swala nipige picha. Akaniambia, "Mjukuu wangu, mnyama gari hana habari nayo, anachokimbia ni kelele, harufu na kivuli cha mtu. Sasa we tafuta gari lisilokuwa na hivyo vitu vitatu." Akanionyesha na kale kachupa ka majivu alikokuwa anatembea nako, unaminya kidogo unaona upepo unaenda wapi.

Nilikuja kusikia maneno hayo hayo kwa mgeni mmoja kutoka Scotland, nilimpigia picha za harusi Raskazone. Kwao wanawinda wale wanyama wenye pembe za matawi zinazodondoka na kuota upya kila mwaka, huku kwetu hawapo, kamusi zinawaita kulungu lakini kulungu wetu ni mwingine kabisa, pembe zake hazidondoki. Akasema gari kwao inaishia chini ya mlima, kuanzia hapo ni miguu na kutambaa kwa tumbo masaa mengi, na mnyama aliyepigwa anashushwa na farasi mdogo au kigari cha magurudumu manane. Hapo ndo nikaona tofauti yetu. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, huwezi kushuka ukaanza kutambaa kwenye nyasi, kuna nyati, kuna simba, na sheria hairuhusu. Kwa hiyo gari ndo miguu yako, ndo kichaka chako cha kujificha, vyote kwa pamoja, na inabidi uichague hivyo.

Nikazunguka. RAV4 niliiacha mapema, gari nzuri ya mjini ila haina gia nzito ya chini, na ukiwa kwenye tope unahitaji tairi izunguke taratibu kwa nguvu sio kwa kasi. Land Rover 110 roho ilipenda, lakini ile injini yake ya dizeli unaisikia kabla hujaiona. Prado ilinishinda bei na ni nzito, na uzito watu hawaufikirii, wanaona gari kubwa ndo gari ya porini. Pale Saadani sehemu kubwa ya mbuga ni ule udongo mweusi, kiangazi unapasuka nyufa unaweza kuingiza mkono, mvua ikinyesha unavimba unakuwa kama gundi, unashika kwenye tairi mpaka kashata zote, yale meno ya tairi, zinajaa na tairi inakuwa laini kama chupa. Gari ya tani mbili ikizama pale unaita trekta. Ya tani moja mnaweza kuhangaika wawili mkaitoa.

Kwa hiyo nikaangukia kwenye Suzuki Jimny, ile ya cc 1300 ya petroli, ya mwaka 2004. Ina chesisi ya ngazi kama gari za kazi, ina gia ya chini, uzito wake kama tani moja hivi, na ikiwa silensa, yani imesimama injini inawaka, mtu wa mita hamsini hasikii kitu. Nilizikuta mbili, moja bluu iliyoiva na moja rangi ya ugoro. Ya bluu ilikuwa nafuu kwa milioni moja na nusu na muuzaji alishangaa kweli nilivyoiacha. Mbung'o jamani! Bluu na nyeusi ndo rangi zinazowavuta, hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na ukanda ule ni wao toka zamani, pale Mkwaja palikuwa na ranchi kubwa ya ng'ombe na mbung'o walikuwa mzigo mkubwa kwa mifugo, leo eneo hilo liko ndani ya hifadhi. Sasa wewe uende umejifungia kwenye gari ya bluu, vioo wazi kwa ajili ya kamera, utapiga picha saa ngapi? Nikachukua ya ugoro.

Kosa nililofanya ni kuijaribu kwenye lami tu. Nilipoipeleka ufukweni kwenye mchanga nikavuta ile gia ya fotwili, mkono unasikia imeingia, lakini mdogo wangu aliyesimama nje akanipigia kelele "bro tairi za mbele hazivuti!" Kumbe kwenye hii gari habu za mbele, pale katikati ya tairi, zinajifunga kwa upepo unaopita kwenye vimpira vyembamba, na vile vimpira vilikuwa vimepasuka kwa uzee na chumvi, mwenye gari wa kwanza wala hakujua maana hakuwahi kutoka mjini. Fundi wangu wa Ngamiani akashauri tuachane na mambo ya upepo, tukafunga habu za kuzungusha kwa mkono. Unashuka unazungusha kulia na kushoto kabla hujaingia porini, unajua kabisa imefunga, hakuna kubahatisha. Yani ukienda kununua gari ya fotwili beba mtu wa kusimama nje aangalie tairi, usiamini gia wala taa ya dashibodi.

Usukani nao ulikuwa unatetemeka ukifika spidi 70, mikono yote inacheza, hapo tulibadilisha bearingi za kingpini, pale tairi za mbele zinapogeukia, na bushi, ikatulia. Tairi nikaweka kashata za 215/75 inchi kumi na tano, sikupanda zaidi ya hapo, ukiweka kubwa injini ndogo inalia na kelele za tairi zinaongezeka. Kuhusu chini ya gari fundi alitaka kupaka oili chafu kama wanavyofanya wengi, nikakataa, oili inakula raba za bushi na ndo kwanza nimezinunua. Tukasugua kutu, tukapaka rangi ya chesisi, na kila nikirudi naosha chini kwa maji baridi, kule kuna mashamba ya chumvi na barabara inapita karibu na bahari, usipoosha miaka miwili tu chesisi inaanza kumeguka kama biskuti.

Kitu kilichochukua muda kuliko vyote ni kelele za ndani. Niliendesha kwenye barabara mbovu ya kwenda Pongwe redio imezimwa, mdogo wangu amekaa nyuma anasikiliza tu, kila kinachogonga anakishika. Jeki, spana, kitasa cha buti, mkanda wa siti ya nyuma, kifuniko cha taa. Vyote tulivifunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, ile mipira ya mafundi wa baiskeli, bei yake ni ya bure na hakuna kinachoishinda. Siti za nyuma nikatoa, nikaweka boksi la mbao limefunikwa zulia. Balbu ya taa ya ndani nimeing'oa, maana ukifungua mlango alfajiri inakumulika usoni.

Dirishani nilishona mto wa kitambaa cha jinzi nikaujaza mchele kilo tatu, unakaa juu ya kioo kilichoshushwa nusu, lenzi inalala pale haitikisiki. Na dirisha la upande wa pili natundika kanga ya mama iliyopauka. Hii watu wanaipuuza lakini ndo iliyonisaidia kuliko hata tairi, kwa sababu kama mwanga unapita dirisha hadi dirisha mnyama anakuona wewe kama picha ukutani, kila ukisogeza mkono anauona. Ukiziba upande mmoja unapotea.

Mbele ya rejeta nimefunga wavu wa dirishani, mbegu za nyasi zinaziba rejeta gari inachemka bila wewe kujua sababu. Na kila nikisimama nachungulia ekzosi, nyasi kavu zikinasa pale zinawaka moto, sio masihara.

Sasa tope. Mwisho wa mwezi wa tano, masika inamalizia, tukaona njia imekauka juu tukaingia. Ilikuwa ganda tu. Gari ikakaa kwa tumbo. Nikaangalia pande zote kwanza dakika kadhaa kabla ya kufungua mlango, hakuna kitu zaidi ya ngiri wawili mbali, tukashuka tumevaa ndala zikabaki kwenye tope hapo hapo. Jeki ukiiweka inazama yenyewe badala ya kuinua gari, kilichotuokoa ni kipande cha ubao cha inchi mbili nilichobeba, unaweka ubao kwanza halafu jeki juu yake. Matawi huruhusiwi kukata mle, kwa hiyo nina vipande vinne vya mpira mgumu wa mkanda wa mashine, urefu wa hatua moja kila kimoja. Tukainua tairi moja moja, tukachimba kwa koleo fupi, tukakwangua ule udongo kwenye kashata kwa mikono, tukasukuma mpira chini, tukapunguza upepo wa tairi kutoka psi 28 mpaka 15. Masaa matatu. Gia ya chini, namba mbili, sigusi mafuta kabisa, ikatambaa yenyewe ikatoka. Pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye betri usiiache nyumbani, maana huwezi kurudi mpaka Pangani na upepo wa 15. Tangu siku ile kwenye udongo mweusi kama kumenyesha jana siingii, hata nione nini upande wa pili.

Mwezi wa tisa nikarudi. Nyasi zilikuwa zimeungua upande ule wa msitu wa Zaraninge na majani mabichi yanachipua. Saa moja kasoro asubuhi nikaminya kachupa ka majivu, upepo unanijia usoni. Nikaona weusi katikati ya miti. Nikazima injini kwenye tambarare gari ikaserereka yenyewe, nashauri ufanye hivyo sehemu tambarare tu na mwendo wa mtu anayetembea, maana injini ikizima usukani na breki vinakuwa vizito ghafla. Ikasimama. Nikavuta hendibreki huku nimebonyeza kitufe chake ili isilie.

Alikuwa dume na majike sita. Akageuza kichwa akaitazama gari, masikio mbele, sijui ni muda gani, mimi napumulia puani tu. Mbung'o mmoja alikuwa ananing'ata kisigino nikamwacha. Halafu akashusha kichwa akaendelea kula. Pembe zina mapete mapete kama mwanzi, moja ina udongo mkavu umeshika kwenye ncha, na kila aking'oa majani unasikia, kwenye hii gari niliweza kusikia yule mnyama anavyotafuna. Nilipiga picha arobaini na moja. Baada ya hapo nikaweka kamera kwenye siti nikawa nawaangalia tu mpaka jua lilipokuwa kali wakarudi wenyewe kivulini, ndo nikawasha gari.

Babu wa Makorora nilimpelekea moja imechapwa kubwa. Akaishika karibu na macho, akaniuliza nilikuwa umbali gani. Nikamwambia kama kutoka hapa kibarazani hadi kwenye ule mwembe wako. Akaupima mwembe kwa macho, akasema nimletee na ya tohe.