Okidi ya Bonde la Majimaji

Mwezi uliopita nilishuka katika bonde la majimaji lililo chini ya shamba letu, nje kidogo ya Molo, kutafuta okidi ambayo wataalamu huiita Satyrium crassicaule. Mama mmoja aliyekuwa akikata nyasi za ng'ombe aliniuliza, "Mwanangu, umepoteza nini humo matopeni?" Nilimwonyesha shina moja nene, lililosimama wima kati ya nyasi, likiwa limesheheni maua ya waridi yaliyosongamana kama punje kwenye gunzi la mahindi. Kila ua lina kofia ndogo, na nyuma yake zinaning'inia pembe mbili nyembamba zenye nekta. Ukitaka kulitambua, zihesabu pembe hizo.

Wengi hudhani kwamba ua kama hili laweza kung'olewa na kuhamishiwa nyumbani. Nilijaribu zamani, nikaambulia kiazi kilichooza. Mbegu zake ni laini kama vumbi, hazina akiba ya chakula, na haziwezi kumea porini mpaka zikutane na kuvu wa udongoni wa kuzilisha, kwa hiyo kinachohitaji kulindwa ni bonde lenyewe pamoja na maji yake. Hapo ndipo penye shida, maana mitaro iliyochimbwa ili viazi vilimwe, na mikaratusi iliyopandwa pembezoni (miti ambayo, kwa maoni yangu, haikupaswa kukaribia chemchemi), imekausha nusu ya sehemu niliyoizoea utotoni. Safari hii nilihesabu mashina 7, yote upande wa chini, ambako ng'ombe huzama wakiingia.