Mchukuzi Asiye na Mzigo

Jumatatu iliyopita, hapa Mwanza, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha sita aliniuliza bakteria anajuaje kwamba ameishiwa na asidi amino, matofali ya kujengea protini, ilhali hana ubongo wala macho. Nilimjibu kwa haraka kwa sababu kengele ilikuwa imelia, lakini swali lile linastahili jibu kamili.

Anayetaka kujua hali ya dagaa pale mwaloni Kirumba hana haja ya kuhesabu magunia ghalani, huwatazama wachukuzi. Siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika, wachukuzi huketi juu ya mikokoteni mitupu. Mchukuzi wa bakteria ni RNA safirishi, ambayo hubeba asidi amino kwenye ncha ya mkia wake na kuipeleka kwenye ribosomu, mahali protini zinapoundwa.

Mwaka 1993 Frank Grundy na Tina Henkin walionyesha kwamba, katika bakteria aitwaye Bacillus subtilis, jeni ya kimeng'enya kinachompakia mchukuzi tirosini, mojawapo ya asidi amino, hudhibitiwa na mchukuzi huyohuyo. Kipande cha mwanzo cha RNA mjumbe, yaani nakala ya jeni inayosomwa na ribosomu, kinachoitangulia jeni yenyewe na kuitwa T-boksi, humkagua mara mbili. Kwanza kodoni, yaani herufi tatu za RNA zinazotaja asidi amino, iliyo katika kitanzi chake huoana na antikodoni ya mchukuzi, herufi zake tatu zinazolingana nazo, na hapo hujulikana kwamba huyu ni wa tirosini. Kisha hukaguliwa mkia, unaoishia kwa herufi CCA: ukiwa mtupu, herufi hizo pamoja na ile inayozitangulia huoana na herufi nne za T-boksi, mkunjo wa kuruhusu huimarika, na unakili wa jeni huendelea. Mkia ukiwa umebeba tirosini hauwezi kuoana hivyo. RNA hujikunja kwa namna nyingine na unakili hukatika njiani.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba RNA humkagua RNA mwenzake bila protini kusimama kati yao, na kwamba kinachopimwa si tirosini inayoelea ndani ya seli, bali ile iliyokwisha kupakiwa, ambayo ndiyo pekee ribosomu huweza kuitumia. Hata tirosini ikiwa tele, vimeng'enya vya kupakia vikipungua wachukuzi hubaki watupu, na ndipo vingine hutengenezwa. Swichi ya lisini, kipande cha RNA kinachodhibiti jeni za asidi amino nyingine, haina undani huo, kwani hushika lisini yenyewe na kuzima jeni zinazoitengeneza.

Jumatatu ijayo nitaingia darasani na ukanda mrefu wa karatasi wenye herufi za RNA, ili kijana yule aukunje kwa mikono yake, kwanza akiwa na mchukuzi mtupu, kisha akiwa na aliyepakiwa.